Nyumba Iliyomezwa na Wino

"Nyumba yenu haionekani, mama," alisema afisa elimu, akigonga ramani kwa kidole.

Haikuonekana kwa sababu yeye ndiye aliyeifunika. Mpaka mpya wa kugawa watoto kati ya shule mbili aliuchora kwa kalamu nene nyekundu, na wino ukaimeza nyumba yetu yote. Mimi, mume wangu na binti yetu tulikuwa katika ofisi ya shule iliyo ng'ambo tu ya uchochoro wetu.

"Sasa binti yangu ni wa shule ipi?"

"Penye shaka, tunampeleka ile nyingine."

Ile nyingine nilitoka kuiona asubuhi hiyo. Watoto mia na kumi na wanne darasa moja, wengine chini sakafuni, mmoja ameweka daftari mgongoni kwa mwenzake ili aandike.

Mume wangu akanifinya mkono. "Twende, mama watoto. Wameshaamua."

"Nani kaamua? Hiyo kalamu?" Nikamgeukia afisa. "Mimi ni fundi cherehani, afisa. Nikishachora chaki, nakata nje ya mstari, nibakize nafasi ya mshono. Nikikosea nguo ikambana mteja, naulizwa mimi. Hapa ataulizwa nani?"

Akacheka. "Lakini mama, watoto si vitambaa."

"Hilo ndilo ninalokuambia!"

Nikamshika binti yangu mkono, tukavuka uwanja mpaka darasa la kwanza. Nikasukuma mlango bila kubisha. Mwalimu na watoto wote wakageuka kututazama.

"Shikamoo, mwalimu," alisema binti yangu, macho yake tayari yakitafuta mahali pa kukaa.