Kifuniko cha Tangi la Kulia

Tangi la kushoto la lori lilikuwa karibu kukauka, la kulia limejaa pomoni. Lori limezimika tena kando ya barabara ya Wyoming, na mume wa Verlene yuko uvunguni, anafungua mpira wa dizeli alioubadilisha juzi tu.

“Ni wewe, bibie. Ukishika usukani, gari linalalia upande.”

Verlene akafungua kifuniko cha tangi la kulia, na tangi likavuta pumzi kama mtu aliyeibuka majini.

Alichomoa pini kichwani, akachokonoa kitundu cha kifuniko kile kinachong'aa kama kioo, kitundu cha kuingiza hewa ili dizeli ishuke. Ikatoka nta nyeupe iliyoganda, ile ile ambayo mumewe huipaka kifunikoni kila Jumapili, kwa mahaba ambayo yeye mkewe ameyasahau.

“Toka huko chini,” alisema. “Njoo unuse nta yako.”