Watemi Saba wa Mwaloni Mmoja

Katika msitu mmoja wa Ujerumani, ukoo wa kindi ulitawala utemi mdogo wa mti mmoja wa mwaloni. Kila mtemi alipokufa, wanawe waligawana matawi sawasawa, hata wakawapo watemi saba, kila mmoja na tawi lake na bendera yake.

Majira ya vuli alifika Dubu, mfalme wa jirani, mnyama aliyejali sana sheria.

"Nautaka mti huu," alisema, "lakini sitaki kuitwa mporaji. Mtemi atie sahihi hati hii."

"Mtemi ni mimi," wakajibu wote saba.

"Basi tieni sahihi wote."

"Nani atangulie?" akauliza Ruprekti, mwenye tawi la juu. "Bila shaka ni mimi!"

Walibishana wiki sita. Theluji ikaanguka, Dubu akapiga miayo, akaenda zake kulala usingizi wake wa majira yote ya baridi.

Watemi waliona aibu. "Tumegawanyika mno," alisema Ruprekti. "Tumchague mmoja, tuwe na nguvu."

"Wanangu, acheni," akawasihi shangazi yao Hedviga. "Ugomvi wenu ndio uliotuokoa."

Hawakumsikiliza. Wakamtawaza Ruprekti kwa shangwe.

Theluji ilipoyeyuka, Dubu alirudi na hati ileile. "Mtemi ni nani?"

"Ni mimi peke yangu," Ruprekti akajibu kwa fahari.

Dubu akakita kucha zake kwenye shina, akampa kalamu. Ruprekti akageuka huku na huku akitafuta wa kubishana naye. Ndugu zake wote walikuwa wameinamisha vichwa, wakimsubiri mtemi wao aamue. Akatia sahihi.