Unajua Kiburu?

Kabla ya swali lingine lolote, skripti ya Justina, programu fupi ya ukaguzi, iliuliza: Unajua kiburu?

Iliziuliza kompaila, zile programu zinazogeuza maandishi ya fundi yaweze kuendeshwa na mashine. Mwaka ule wa 2003 kila kompyuta ya msaada iliyofika Moshi ilikuja na kompaila yake, na kazi ya skripti ilikuwa kuzitambua: ipi ni ipi, inaweza nini, itumike au iachwe. Bila hiyo, programu ya kugawa zamu za maji ya mpunga kule Chekereni isingefanya kazi popote.

Sasa kiburu, chakula cha ndizi na maharage, kinaingiaje humo? Hata bosi wake, Mathew, alishangaa. Alimwambia akiondoe hicho kituko cha jikoni, wageni kutoka kwa wafadhili wasije wakawacheka. Justina akagoma. Akamwambia asome mwenyewe, ni mistari kumi tu. Mathew hakusoma. Mtu mzito kama yeye, asome mistari ya binti wa Kibosho?

Kufuta jina, hilo aliliweza. Asubuhi ya wageni Justina alifungua faili, akakuta pale juu palipokuwa na jina lake pameandikwa Mathew. Miezi minane ya jasho! Na wageni walikuwa wanakuja kumteua wa kuongoza mradi. Aliyeiandika kazi ndiye angekabidhiwa.

Yunusu, aliyekaa naye meza moja, alimnong'oneza amwachie Mungu.

"Mungu nimemwachia mengi," Justina akajibu. "Hili nabaki nalo."

Mathew alieleza vizuri, tai shingoni, mikono hewani. Wageni wakaridhika. Mama Pamela, mkuu wao, akauliza kama kuna mwenye swali.

Justina akasimama. "Shikamoo mama. Naomba bosi atufafanulie lile swali la kiburu."

Mathew hakubabaika. Alicheka kidogo, akasema jina tu ndilo la chakula cha nyumbani, ila chenyewe ni kitu kikubwa, kinaipa programu kasi. Kompaila zote za maana zinakijua, na yeye amekitumia tangu yuko chuoni.

"Asante bosi," alisema Justina. "Basi tuiendeshe skripti, wageni waone."

Kompaila ya kwanza ikajibu haikijui. Skripti ikaipokea. Mathew akakunja uso. Ya pili nayo haikijui, ikapokelewa. Ya tatu, kuukuu kuliko zote, ikajibu: Ndiyo, nakijua.

Kioo cha kompyuta kikasimama hapo, na maneno mapya yakatokea chini. Mama Pamela akavaa miwani, akasogea, akayasoma kwa sauti:

"Kwenye kompaila hakuna kiburu. Nimekitunga mimi, Justina. Anayesema anakijua ni mwongo, asipewe kazi."