Ukuta wa Upande wa Mama

Nilirudi nyumbani mchana nikakuta nyundo zimenyamaza. Mafundi waliokuwa wakibandua plasta ya nje wamekaa kivulini, ukuta umebaki nusu. Damu ikanichemka.

“Kazi imewashinda?” nilimuuliza fundi mkuu.

Akaweka mdomoni kidole chenye vumbi la saruji, kisha akanionyesha dirisha. “Bi mkubwa amepata usingizi, dada,” alinong'ona. “Akiamka tutaendelea, hata giza likitukuta.”

Nilichungulia. Mama, ambaye tangu atoke hospitali maumivu hayakumpa nafasi ya kufumba jicho, alikuwa amelala fofofo, mdomo wazi kama mtoto. Mafundi walikuwa wamemtundikia turubai dirishani, jua lisimpige usoni.

Nikamgeukia fundi mkuu.

“Ahsante, kaka,” nilisema polepole.

Nikavua viatu, nikakaa nao chini.