Mumbere Alijibu Yote

Afande Omara aliusukuma mlango wa ghala la kahawa, akatia komeo, akaegemeza mgongo hapo hapo. Dirisha lilikuwa moja tu, juu kabisa, na hata paka asingepenya.

"Kaa chini. Jina?"

"Mumbere, afande."

Lilikuwa jina la kuazima. Kwa mama yake, huko Bukavu ng'ambo ya mpaka, aliitwa Jean-de-Dieu. Hapa Bwera alikuwa fundi wa pikipiki, mume wa Sylivia wa Nyakiyumbu, na baba wa mtoto ambaye bado alikuwa ananyonya. Ulikuwa mwaka 2014, wakati wa kuandikisha vitambulisho vya taifa, na katika kijiji hiki kila aliyetiliwa shaka aliletwa ghalani kuulizwa. Aliyeshindwa alipelekwa Mpondwe mpakani, akavushwa daraja, basi. Wawili walikuwa wameshavushwa asubuhi ile, mmoja bila viatu.

Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Mumbere aliisikia yake ikikaza, akaogopa waziwazi.

Si kwamba hakujiandaa. Alikisoma kitabu cha darasa la nne cha mtoto wa jirani mpaka jalada likabanduka. Jumapili hakukosa kipindi cha mila redioni. Lakini mwalimu wake mkuu alikuwa bibi yake Sylivia, kikongwe mwenye maneno mengi na meno machache. Mumbere alimpasulia kuni, bibi akamlipa kwa habari: mti gani unamea wapi mlimani, nani alimzaa nani, mizimu gani haipendi kelele. Sijui mkwe mwingine aliyepasua kuni kwa furaha namna ile.

Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Kosiya, alikuwa ameketi juu ya gunia, fimbo magotini. Alisifika kwa ukali. Watu walisema humtambua mgeni kwa kukohoa kwake tu. Yeye ndiye aliyeuliza. Omara, mtu wa kaskazini, alingoja neno lake.

"Mito yenye kushuka mulimani?"

"Nyamwamba, Mubuku, Nyamugasani, na Lhubiriha yetu hapa."

"Mutoto mwanamuke wa ine, tunamuita nani?"

"Mbambu."

"Wa tano?"

"Ithungu."

"Na kama Mbambu alikufa mbele Ithungu azaliwe?"

"Ithungu anabaki Ithungu, mzee. Marehemu hanyang'anywi nafasi yake."

Kosiya hakucheka wala hakununa. Aliuliza kinyonga wa mlimani ana pembe ngapi. Tatu. Aliuliza mke wa Kithasamba, yule mzimu mwenye theluji, ni nani. Nyabibuya. Mumbere akaanza kunoga. Bila kuulizwa akaeleza majani ya kutuliza kikohozi, kisha jinsi wazee walivyovuka maji pale Katunguru kabla daraja halijajengwa. Alijiona anashinda, maskini yule, na mdomo haukumsikia tena.

Omara alijipiga paja. "Huyu iko mutu ya hapa kabisa! Niachie yeye aende?"

"Ngoja," alisema Kosiya. "Afande, enda kuita mwenye anafuata. Huyu nitamaliza mimi."

Omara alitoka, akaufunga mlango kwa nje. Mvua ilianza kupiga bati. Mzee aliichukua karatasi ya Mumbere ya kuombea kitambulisho, akaishika mkononi.

"Kijana, mimi niko na watoto saba. Bote balizaliwa hapa Bwera. Hakuna hata moja anaweza kujibu nusu ya hii."

"Mimi nilipenda tu kusikiliza wazee..."

"Mutu mwenye alizaliwa hapa hajui hii yote. Atajifunzia nini? Iko kwake." Kosiya aliinuka taratibu, akaja mpaka mbele yake. "Mwenye anajua yote, ni mwenye alifundishwa."

Mumbere aliutazama mlango, akatazama dirisha. Akilini alimwona Sylivia amesimama upande huu wa mto na mtoto mgongoni, na yeye upande wa pili. Hapo Kiswahili chake cha kujichunga kikamtoka, kikabaki kile cha nyumbani.

"Papa, unisamehe. Niko na mutoto mudogo. Asinikose, papa."

Basi, alikuwa amejimaliza kwa kinywa chake mwenyewe. Akainamisha kichwa.

Nje zilisikika buti za Omara zikirudi matopeni. Kosiya alitoa muhuri mfukoni, akaupulizia, akaugonga kwenye karatasi ya Mumbere. Kisha akamwinamia sikioni.

"Siku ingine bakikuuliza, ukosee kidogo," alinong'ona. "Mimi wakati nilivuka, balinifungia mu nyumba kama hii. Nilikosea mbili."