Sauti ya Kila Ijumaa

Krii, krii, krii, simu ikalia. Cherehani ikanyamaza. Binti hakuhitaji kuuliza nani anapiga. Ilikuwa Ijumaa, saa kumi kamili.

"Mama, hujambo?"

Sauti ya kaka yake ilijaza chumba. Alikamatwa miezi saba iliyopita, na tangu siku ile hakuna aliyemwona. Lakini hii ilikuwa Ijumaa ya sita mfululizo anapiga simu kuuliza yale yale: wanakula nini, wanalala vipi, na siku hizi ni nani anaisema vibaya serikali.

Mama yao alikuwa fundi wa sare za maafisa. Aligeuka akaupa ukuta uso, akanong'ona jina, kisha akamuuliza mwanawe kama kikohozi kimepoa.

Mtaa mzima ulijua sauti za namna hiyo zinatengenezwa na mashine ya serikali. Aliyetajwa alibebwa siku hiyo hiyo, bila kuulizwa. Redio ilishasema: mashine haikosei, na anayeibishia naye ni adui. Majirani waliacha kubisha hodi. Binti alihofia mchumba wake, mwalimu mwenye mdomo usio na breki. Aliona zamu yake inakaribia.

"Fundi," alisema jioni ile, kwa jina ambalo yeye na kaka yake walimwita mama yao, "kaka hajawahi kukuita mama, hata siku moja. Ile ni mashine. Unaiuzia watu."

Mama aliendelea kupiga pasi. Alimwambia asogee, anamzibia mwanga, na sare zenyewe zimejaa hadi hana pa kutundika, wenyewe hawaji kuzichukua. Kweli, ukutani zilishafika sita.

Ijumaa iliyofuata binti alijibanza nyuma ya mlango. Simu ikaita. Safari hii alilisikia jina, na la baba yake mtu huyo pia. Halikuwa la mchumba wake. Wala halikuwa la mtu yeyote wa mtaani.

Akachungulia. Sare ya saba ilikuwa bado chini ya sindano. Jina lile lile lilikuwa limetariziwa kifuani, uzi haujakatwa.

"Ni huyo tu, mama?" sauti iliuliza.

"Kwa leo ni huyo tu," alisema fundi, akachukua mkasi. "Ijumaa ijayo nakuahidi, mwanangu, nitakutajia mkuu wao. Kesho anakuja nimpime."