Mshtuo Mmoja kwa Kaya

Sheria iliipa kila kaya mshtuo mmoja tu wa kuuamsha moyo uliosimama, ukishatumika basi. Nyamizi alikuwa akiandaa meza simu ilipoita.

“Mama, mimi ni mhudumu wa afya hapa uwanja wa mpira. Mumeo Masanja ameanguka jukwaani, moyo umesimama. Mashine inasubiri ruhusa yako. Tuutumie ule wa kwenu?”

Nyamizi akamtazama Kabula, binti yao aliyezaliwa na tundu moyoni, akihema kwa kubeba jagi la maji tu. Masanja mwenyewe ndiye aliyemwapisha Nyamizi kwamba mshtuo huo ni wa mtoto.

“Mama, muda unakwisha,” mhudumu alihimiza.

“Mwacheni,” Nyamizi alisema, akakata simu.

“Nani huyo, mama?” Kabula aliuliza.

“Wamekosea namba.”

Akachukua sahani ya tatu, akairudisha kabatini.